Maswali ya vepu: soma namba kwenye koili kabla hujanitumia picha

Nilijua msimu huu nitaulizwa simu zinazokula chaji na redio za sola kama kila mwaka, kumbe hela ya korosho ya safari hii imeingia kwenye vepu, hizi sigara za umeme. Nafungua meseji nakuta nyingi ni watu wamenunua yale maboksi yenye kioo na vitufe vya kupandisha wati, wameagiza Kariakoo yakaja na basi, wamewasha, wamevuta mara mbili af wananitafuta mimi. Sawa, kazi yangu kufungua vitu na kuvifunga, nitajibu. Ila kwanza: kwenye kila koili, kile kidude cha ndani ya tenki kinachochoma juisi ya nikotini iwe mvuke, pale kwenye chuma chenyewe, kuna maandishi madogo. Kuna omu, yaani kipimo cha waya unavyoubania umeme, na kuna wati za chini na za juu. Majibu ya wengi wenu yako pale na hayalipiwi. Na we ambaye hujawahi kuvuta hata sigara usidhani hili ni tangazo, mi nasaidia walioshaingia.

Fundi mambo vipi, nimenunua vepu ya wati 80, mpya kabisa, pafu la kwanza tu limenikwangua koo, ladha kama nimekula karatasi iliyoungua. Nimeuziwa feki? (Masasi)

Hujauziwa feki kaka, umeiunguza mwenyewe. Kwenye picha uliyotuma koili inasomeka 0.4, wati 40 mpaka 60, na kioo chako kinaonyesha 80. Nani kakwambia uweke 80? Watu wanadhani ile namba kubwa kwenye boksi ni kama spidi ya pikipiki kwamba umeilipia lazima uifikishe. Wati 80 ni mwisho wa boksi, siyo mwisho wa koili, ni vitu viwili tofauti vimefungwa pamoja.

Ndani ya koili kuna waya umezungukwa na pamba. Pamba inanyonya juisi, waya unapata moto, juisi inageuka mvuke. Pamba ikiwa kavu, au waya ukila moto kuliko juisi inavyowahi kufika, kinachoungua ni pamba, na hiyo ndo ladha uliyoipata. Wanaokaanga korosho pale kwenu hili hawahitaji kufundishwa, moto ukizidi hakuna maarifa.

Weka koili nyingine. Kabla hujaifunga, dondoshea matone manne matano ya juisi kwenye yale matundu ya pembeni pamba inapoonekana, na moja mbili kwa juu. Funga, jaza tenki, kaa dakika kumi bila kubonyeza chochote. Af anza na wati 40, siyo 50. Vuta mara kadhaa ndo upandishe tano tano mpaka pale koo lako linaporidhika, na wengi wanaridhika kabla ya kufika 60. Usivute mfululizo kama mtu anayekimbizwa, pamba inahitaji muda wa kunyonya tena. Na juisi ikishuka chini ya yale matundu jaza, usisubiri tenki likauke.

Koili iliyoungua nikiichemsha kwenye maji ya moto nikaianika juani itarudi? (Chuno)

Hairudi. Pamba ikishaungua imeungua, tupa.

Nikibonyeza inaandika haioni tenki, na tenki lipo hapo hapo nalishika. Nimechaji betri mpaka ikajaa, bado. (Lindi mjini)

Betri haihusiki hapa. Fungua tenki, angalia katikati ya boksi pale linapofungwa, kuna kidoti cha shaba. Hapo ndo umeme unapita, na hapo ndo juisi inapovujia. Toa betri kwanza, futa kwa tishu kavu au kijiti cha masikio chenye spiriti kidogo, futa na kitako cha tenki, acha pakauke. Halafu hakikisha koili yenyewe imekaza ndani ya tenki, maana wengi mnakaza tenki mnasahau koili. Ukirudishia kaza kwa vidole tu. Wapo wanaokaza mpaka mishipa inatoka, kile kidoti kinadidimia chini hakigusi tena, af wanasema boksi limekufa.

Bado? Jaribu koili nyingine. Ikisoma, ile ya kwanza ndo mbovu, hata mpya inaweza kutoka kiwandani mbovu. Isiposoma na ya pili wala ya tatu, hapo waya umeachia ndani, tafuta mtu wa lehemu. Ila usichukue bisibisi ukaanza kukichokoa kile kidoti betri ikiwa ndani, utapiga shoti.

Habari fundi. Boksi langu linatumia betri mbili, zile za zamani zimechoka. Nina betri za laptop mbovu nimezitoa, zinaingia vizuri tu, na rafiki yangu ana nyingine ya tochi imeandikwa 9900. Niweke ipi? (Tandahimba)

Usiweke hata moja. Na hili nitalisema kwa kirefu maana nshalisema mara sijui ngapi na bado mnaniletea.

Kuingia siyo kufaa. Betri hizo zinaitwa 18650 kwa sababu ya umbo lake, milimita 18 upana na 65 urefu, basi. Ile namba haisemi inatoa umeme mwingi kiasi gani kwa mara moja. Ya laptop imetengenezwa kutoa kidogo kidogo kwa masaa, ampea tano hivi. Sasa vepu ukiiweka wati 75 kwa betri moja, betri ikiwa imeshuka kwenye volti 3.2 hivi, inadaiwa ampea 23 na zaidi. Hata ukigawanya kwa betri mbili bado unaibana ile ya laptop mara mbili ya uwezo wake, na ni betri ambayo ilishachoka ndo maana laptop ikaitwa mbovu. Inachemka, inatoa gesi, na ikifika mbali inawaka. Nawe umeiweka karibu na meno.

Ya 9900 ndo kabisa. Namba hiyo ni mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba, na hakuna betri ya umbo hilo yenye uwezo huo, nzuri za kweli zinazouzwa sana zinaishia 3500 hivi, na zile zenye nguvu ya kutoa ampea nyingi ziko 2500 mpaka 3000. Samsung 25R kwa mfano ni 2500 na inatoa ampea 20. Kwa hiyo namba kubwa kwenye ganda ni dalili ya uongo, siyo ya nguvu. Niliwahi kuletewa moja ya tochi nikaipeleka kwa jirani yangu muuza iliki tukaipima kwenye mzani wake, nyepesi vibaya, wakati ya kweli inakwenda gramu 45 hivi. Nikaipasua (msijaribu), ndani mna kibetri kidogo kama kidole cha mtoto na unga mweupe wa kujazia. Mwenye tochi akaniuliza kama naweza kuirudishia ganda.

Boksi la betri mbili linataka pacha: zimenunuliwa siku moja, aina moja, zinachajiwa pamoja na kutumika pamoja mpaka zinazeeka. Ukichanganya nzima na iliyochoka, ile iliyochoka ndo inaumia na ndo inayoleta balaa. Angalia pia karatasi ya plastiki iliyovalishwa betri, ikichanika hata kidogo badilisha ganda au acha kuitumia. Na betri haibebwi mfukoni na funguo na sarafu, ina kasha lake. Boksi lenye kioo lina saketi ya kulinda, litakukatia umeme mambo yakiharibika, lakini halina uwezo wa kuzuia betri iliyooza isiwake. Na yale mabomba ya chuma yasiyo na saketi yoyote, mtu anaunganisha betri na koili moja kwa moja, anayeanza asiyaguse. Florida kule Marekani mwaka 2018 mtu mmoja alikufa kifaa cha namna hiyo kilipolipuka.

Kama betri za kweli hupati Tandahimba, subiri uzipate. Boksi likikaa kabatini mwezi haliozi.

Nikiamka asubuhi mezani pana ziwa la juisi. (Mikindani)

Sababu zenyewe ziko nyingi na zote ndogo. Umejaza juisi kupitia lile tundu la katikati, kumbe ile ni njia ya moshi, juisi inawekwa pembeni. Au koili imelegea. Au ile ringi ya mpira imejikunja au ilibaki kwenye koili ya zamani uliyotupa. Au unavuta kwa wati za chini mno, chini ya zile zilizoandikwa, juisi inaingia kuliko inavyochomwa, inajaa, inakoroma kama kiko na kukurukia ulimini.

Ila kwa Mikindani mwezi wa kumi na mbili mi namshuku mmoja, juisi nyepesi. Kwenye chupa kuna VG na PG, ndo vimiminika viwili vinavyounda juisi, VG ndo nzito, PG nyepesi. Koili za omu ndogo zina matundu makubwa, zinataka VG asilimia 70 kwenda juu. Ukiziwekea ile ya nusu kwa nusu, halafu joto letu likaiyeyusha zaidi, inapita kama maji. Funga matundu ya hewa wakati unajaza, usiku liache boksi limesimama, na usiliache juani kwenye bajaji.

Nimevuta mara nne kichwa kikazunguka, jasho la baridi, nikatapika. Mashine ina hitilafu? Juisi imeandikwa 50mg. (Nachingwea)

Mashine ni nzima, na hilo ndo tatizo lenyewe. Hiyo ni nikotini ya chumvi, ni ya vile vidude vidogo vyembamba vinavyotoa moshi kiduchu. We umeiweka kwenye tenki la wati 60 linalotoa moshi wa jiko la kuni. Ulaya hata kwa hivyo vidude vidogo sheria inaishia miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ya juisi. Kwenye boksi lako weka 3, ukiwa mvutaji mkubwa wa sigara 6. Ikikutokea tena acha papo hapo, toka nje upate hewa, na moyo ukienda mbio au kutapika kusipokoma nenda hospitali, useme ukweli umevuta nini.

Nipo form three, nataka ya bei rahisi isiyotoa harufu.

Hapana. Na namba yako nimeshaifuta.

Wati hazipandi. Nikibonyeza inasoma 200, 210, 220, moshi hamna, inakatakata. (Kilwa Masoko)

Hizo siyo wati mdogo wangu, ni nyuzi joto. Umeingia kwenye modi ya kupima joto bila kujua. Modi hiyo inasoma omu zinavyobadilika waya ukipata moto, kwa hiyo inafanya kazi na waya za nikeli, titani na chuma kisichoshika kutu. Koili nyingi zinazokuja na boksi ni za waya unaoitwa Kanthal, omu zake karibu hazibadiliki, boksi linachanganyikiwa. Rudi modi ya wati na uisahau ile nyingine mwaka mzima.

Juisi huku zimeadimika, naweza kuchanganya mafuta ya nazi na arki ya vanila ile ya keki? (Ruangwa)

Weee. Mafuta hayaingii kwenye mapafu, ya nazi, ya alizeti, ya bangi, yoyote yale. Pafu halina namna ya kuyasaga, yanakaa mle yanaleta nimonia ya mafuta. Marekani 2019 vijana walianza kulazwa kwa mafungu, mpaka Februari 2020 walihesabu 2,807 na waliokufa 68, na mchawi mkubwa akaonekana ni mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye juisi za bangi za mtaani. Inafaa kumezwa haimaanishi inafaa kuvutwa. Juisi imeisha? Kaa bila. Ukishindwa kukaa siku mbili bila, hapo umejijibu swali lingine ambalo hukuniuliza.

Habari za huko mwanangu. Nimekuta kwenye begi la kijana wangu kitu kama redio ndogo na kichupa kinanukia embe. Ana miaka ishirini na mbili. Ni dawa? Nyumbani kuna wajukuu. (Newala)

Shikamoo mama. Siyo dawa, ni sigara ya umeme. Kijana ni mtu mzima, mazungumzo yake na wewe mi siyaingilii, ila kama alikuwa anavuta pakiti na sasa ameacha kabisa sigara, basi amepunguza madhara japo hajayamaliza. Kama anavuta vyote viwili hajafanya kitu. Kama hakuwa anavuta, amejitafutia utumwa bure.

Linalonitisha ni kile kichupa. Sigara moja inaingiza mwilini miligramu moja mpaka mbili za nikotini. Kichupa cha mililita 30 kilichoandikwa 50mg kina 1,500, na kinanukia embe, na wajukuu wanajua embe ni tamu. Kiwekwe juu, kwenye kabati la kufungwa, na akishindwa kukifunga kisikae kwenye nyumba yako. Mtoto akikinywa, hata kidogo, msimtapishe na msimpe maziwa kusubiri aonekane ana nini, mkimbizeni hospitali na kichupa chenyewe mkononi wakisome.

Napanda ndege Mtwara kwenda Dar, nibebe vipi?

Begi la mkononi, kamwe siyo la kupakia. Zima, betri kwenye kasha, tenki tupu maana kule juu litavuja. Ukiunganisha kwenda Uganda liache nyumbani, sheria yao ya 2015 imevikataza.

Fundi samahani, vepu yangu mpya inaunguza koo, nimeiweka 80 kama ilivyoandikwa kwenye boksi. (Masasi, mwingine)

Rudi juu, swali la kwanza. Af muulize aliyeliandika, inaelekea mnakaa mtaa mmoja.