Banjo ya bei rahisi: anza na ngozi

Kaka, umeuliza ubadilishe nini kwanza kwenye banjo yako inayolia kama debe. Usinunue chochote bado, shika spana. Banjo nyingi za bei rahisi hufika ngozi, ile iliyowambwa kwenye duara la mbele kama ngoma, imelegea. Kaza kila nati inayozunguka ukingo wake robo mzunguko tu, kisha ruka upande wa pili, kama unavyofunga gurudumu la gari. Gonga ngozi kwa kidole karibu na ukingo huku programu ya kupimia sauti ikiwa wazi kwenye simu. Wapigaji wengi hulenga noti ya G shapu. Nati ikianza kuwa nzito sana, acha hapo hapo, ngozi hupasuka.

Halafu kidaraja kinachobeba nyuzi. Changu nilichongewa na fundi seremala hapa Moshi: mti mgumu lakini mwepesi, juu akabandika kipande chembamba cha mpingo. Usikubali kiwe mpingo mtupu. Ni mzito, na kidaraja kizito humeza sauti. Kizuri kina gramu 2 hivi. Nilipokiweka, uzi wa kwanza ulilia hadi jikoni wakageuka!

Kumbuka kidaraja hakijagundishwa, kinashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Kwa hiyo badilisha uzi mmoja mmoja. Umbali wa kutoka mwanzo wa shingo hadi kituo cha 12 (kile kijiti cha chuma cha 12 kilicholala kwenye shingo) uwe sawa na kutoka hapo hadi kwenye kidaraja.

Nyuzi zikikwama kwenye mifereji zinakopita juu ya shingo, pakaza risasi ya penseli.