Maswali Yenu: Mshipa Hausuguliwi Kama Sufuria

Nikinywa manjano kila asubuhi, mishipa iliyoziba itasafishika baada ya muda gani?

Haitasafishika. Nimeshachoka na neno hili "kusafisha". Yale mafuta yanayoziba mshipa si uchafu uliokwama ndani ya bomba. Yamo ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe. Lehemu mbaya (kolesteroli) hupenya chini ya utando wa ndani, ikaoksidika, chembe nyeupe za damu zikaimeza mpaka zikajaa mafuta, kisha pakaota kovu na chokaa. Utaisugua na nini? Polifenoli, yaani kemikali za asili za mimea, zinaweza kuusaidia utando huo kutoa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa. Kulegeza si kuzibua. Isitoshe, kurkumini, polifenoli ya manjano, hufyonzwa kidogo sana tumboni.

Divai nyekundu je?

Lita nzima ina miligramu chache tu za resveratroli, polifenoli ya zabibu inayosifiwa kwa moyo; majaribio hutumia mamia. Ini litakuaga kabla moyo haujakushukuru. Kula zabibu.

Nimeuziwa vidonge vya kakao, nikaambiwa vimethibitishwa kuzuia vifo vya moyo. Ni kweli?

Umesomewa nusu ya karatasi. Jaribio la COSMOS la Marekani, lililochapishwa 2022, lilihusisha watu wazima 21,442. Baadhi walipewa miligramu 500 za flavanoli (aina ya polifenoli) za kakao kwa siku, wengine vidonge visivyo na kitu. Matukio ya moyo kwa jumla, ambayo ndiyo yaliyokuwa swali kuu, hayakupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 27, lakini hicho kilikuwa kipimo cha pembeni. Muuzaji ameshika cha pembeni, cha katikati amekikalia. Na msikimbilie chokoleti: ule unga mweusi uliotiwa alkali umeshapoteza flavanoli nyingi.

Naweza kuacha statini, dawa yangu ya kushusha lehemu, nikatumia chai ya kijani?

Usithubutu. Chai kunywa, dawa meza. Ila kaa mbali na kapsuli za dondoo lake: EGCG, polifenoli ya chai ya jamii ya katekini, ikifika miligramu 800 kwa siku, vipimo vya ini huanza kupanda kwa baadhi ya watu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kila kidonge cha mitishamba anachomeza, hata kile alichopewa na shemeji.

Kitunguu kibichi au cha kupika?

Vyovyote. Kwersetini, polifenoli ya kitunguu, imejaa zaidi kwenye tabaka za nje, zile mnazomenya na kutupa mpaka kinabaki kiini. Ukikichemsha, nyingine huhamia kwenye maji, kwa hiyo mchuzi usiumwage.