Ukitaka kuzunguka Unguja na baskeli bila kupigiwa honi, fuata njia za karafuu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Mara ya kwanza kutoka na baskeli hapa Unguja nilitoka Jumamosi saa nne asubuhi, nikashika njia ya Paje kwa sababu ndo njia pekee niliyokuwa naijua, na dera langu limepeperuka vizuri kabisa mpaka lilipoingia kwenye cheni. Gari za watalii zinapita utadhani ndege inawaacha, jua linachoma, mie nimekaa pembeni ya lami nachomoa dera kidogo kidogo huku makonda wananicheka. Na mie mtoto wa Tanga, mji wa baskeli, nilikuwa najiona najua!

Tangu siku ile ni miaka sita, na nimeshapita njia nyingi za shamba (kwa wageni: huku kila kilichoko nje ya mji kinaitwa shamba, hata kama pana ghorofa). Nilichojifunza ni kwamba njia tulivu za kisiwa hiki na njia zenye historia ni zile zile. Karafuu ndo iliyojenga majumba ya masultani na matajiri wakubwa, na njia zilizokwenda kwenye mashamba yao bado zipo, ila biashara imehamia kwenye hoteli za pwani na gari zikaifuata huko. Njia zile zikabaki kwetu sie wa baskeli na punda.

Njia ninayompeleka kila mgeni wangu ni ya kaskazini: mjini, Bububu, Kidichi, Kizimbani, halafu Chuini mpaka Mangapwani. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60 ukiingia kila kona, na ukiishia Kizimbani ni kama nusu ya hapo.

Sasa kipande cha mjini mpaka Bububu nikwambie ukweli, si kitulivu. Kipite mapema. Mie nasali alfajiri naondoka, saa kumi na mbili na nusu nipo Maruhubi kwenye zile nguzo za jumba la Sultani Seyyid Barghash, lililoungua mwaka 1899 na kubaki mawe. Saa ile hakuna mtu, ni wavuvi tu. Mbele kidogo ni Mtoni, jumba la Sultani Seyyid Said, alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, yule binti yake aliyekuja kuolewa na Mjerumani. Usikae sana maana ukichelewa gari za Bububu zinaanza kugombania abiria na wewe ndo utakuwa katikati yao.

Bububu yenyewe ilikuwa na treni, wallahi. Reli ilijengwa kuanzia 1905, inatoka Ngomeni mjini inakuja mpaka hapa, kama kilomita 11. Utaambiwa jina la Bububu ni mlio wa ile treni, na watu wanaisimulia kwa uhakika mpaka unaona haya kubisha, lakini Bibi Salme alikaa Bububu na akaitaja kwa jina hilo hilo miaka mingi kabla treni haijaja. Mie nabisha.

Kwenye kona ya polisi Bububu unakata kulia kupanda juu. Hapo ndo safari inaanza. Kelele inakatika kama umefunga mlango, unabaki na minazi, miembe, migomba, mtu anapita na baskeli yake ya Foniksi amefunga majani ya ng'ombe nyuma marefu kuliko baskeli. Ni mlima, sikudanganyi, si mkali lakini hauishi. Weka gia nyepesi mapema usisubiri mpaka miguu ikome, na kama huna gia shuka usukume, hakuna anayekuangalia. Kama kilomita nne hivi utaona hamamu ya Kidichi, ina makuba meupe. Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mfursi (Mwajemi), Shahrazad, na ndani mafundi wamechonga ndege na maua kwenye chokaa kwa mtindo wa Kiajemi. Mie kinachonifurahisha ni sababu ya kuiweka pale: watu wakirudi kukagua mashamba na kuwinda wamechoka na vumbi, wanaoga. Ukifika na baskeli na jasho lako unaielewa ile hamamu kuliko mtu aliyeshuka kwenye gari yenye AC. Kuna kiingilio kidogo, beba chenji.

Ukiendelea mbele unafika Kizimbani, ambako mikarafuu ya mwanzo mwanzo ya kisiwa hiki ilipandwa miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Siku hizi ndo kwenye utafiti wa kilimo wa serikali. Nenda msimu wa kuchuma, kuanzia kama Julai na kuendelea, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu unaipata kabla hujaziona. Usikanyage majamvi ya watu! Na usitegemee kuona mikarafuu mingi kama Pemba, kimbunga cha 1872 kiliiangusha mingi ya Unguja na Pemba ndo ikashika usukani mpaka leo.

Hapo Kizimbani mzee mmoja aliwahi kunisimamisha. "Mwanangu, wenda wapi na jua hili?" Nikamjibu, "Natembea tu shamba, babu." Akaniangalia, akaangalia baskeli, akasema, "Shamba ndo hapa. Teremka basi." Akanikatia dafu, akakataa pesa. Tangu hapo nikipita nateremka, namsalimia, nambebea sukari. Ushauri wangu mkubwa labda ndo huo: ukipita kijijini punguza mwendo, toa salamu kwa sauti, na wakubwa wape shikamoo. Mtu anayepita kimya na miwani myeusi watu hawamwelewi, anayesalimia hata akipotea ataelekezwa, tena na mtoto wa kumsindikiza mpaka kwenye kona.

Kutoka Kizimbani unarudi Bububu, mteremko mtupu, breki zako uwe umeziangalia tangu nyumbani. Ukifika barabara kubwa shika kaskazini mpaka Chuini, pale njia inagawanyika: gari nyingi zinakwenda kulia kuelekea Mahonda na Nungwi, wewe shika kushoto ya Bumbwini. Hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mihogo, minazi, watoto wa madrasa na vikofia vyao wanakushindanisha mbio na ndala mkononi. Kama kilomita sita hivi unaingia Mangapwani, unakata tena kushoto kwenda pwani.

Mangapwani kuna vitu viwili na watu wanavichanganya. Kuna pango la asili lenye maji baridi chini, na kuna chumba cha watumwa, ambacho kimechimbwa na watu kwenye jiwe la matumbawe, unashuka ngazi. Seyyid Barghash alisaini mkataba na Waingereza mwaka 1873 kuzuia watumwa kusafirishwa baharini, soko la watumwa la Mkunazini mjini likafungwa, lakini biashara haikuisha, ilijificha, na chumba hiki ndo sehemu ya kujificha kwenyewe. Mie nikitoka mle huwa sina hamu ya picha. Na ndo pale pale unakumbuka ule uzuri wote wa asubuhi, mahamamu na karafuu, nani aliupandia na nani aliuchumia. Nakaa kwanza chini ya mti nakunywa maji.

Mangapwani pia ndo nilipopata pancha iliyonifundisha adabu. Nilikuwa na baskeli ya mtumba, matairi membamba ya mashindano, mdomo wa tyubu mwembamba kama sindano. Fundi wa kijijini kaziba kiraka vizuri kabisa, alipoleta pampu haishiki. Akanitazama kwa huruma: "Dada, hii ya kizungu, mdomo wake hauna mwenzake huku." Baskeli ikapanda juu ya gari ya Bumbwini, mie ndani, tukarudi mjini. Kwa hiyo: panda baskeli yenye tairi pana la inchi 26, tyubu zake unapata duka lolote la baskeli, na kila fundi ana pampu yake. Ukiwa na tairi za kizungu beba tyubu mbili na pampu yako. Na ukipandisha baskeli kwenye gari, bei ya baskeli patana kabla haijafungwa juu, ikishafungwa huna kauli.

Sasa upepo, maana hili wageni hawaambiwi. Kaskazi linavuma kama Disemba mpaka Machi, na kusi kuanzia kama Mei linakwenda mpaka Septemba hivi. Mabaharia walipanga safari zao zote kwa pepo hizi na wewe panga hivyo hivyo, toka ukiwa unaupiga upepo kwa kifua, urudi ukiwa unasukumwa mgongoni. Maana yake njia hii ya Mangapwani ni tamu wakati wa kaskazi: asubuhi una nguvu unapambana nao, mchana umechoka unarudishwa nyumbani kama dau. Kusi likianza mie nageukia kusini, Unguja Ukuu, napita ile miembe iliyopangwa mistari miwili ambayo inasemwa aliipandisha Bi Khole, binti wa Seyyid Said. Barabara kubwa ya huko ina gari, lakini ukishaacha lami kuu unaingia Unguja Ukuu ni kimya kabisa. Kizimkazi Dimbani kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ni mbali, nenda ulale. Masika usitoke, au toka ukijua utarudi na tope mpaka kwenye nyusi.

Kwa dada zangu: dera acha nyumbani. Mie navaa suruali pana nimeibana mguu wa kulia kwa pini, kanzu fupi ya mikono mirefu na mtandio nimeufunga nyuma, hakuna kijiji nilichotazamwa vibaya. Makaka, vile vikaptula vya kubana vya mashindano vaeni kitu juu yake, tafadhali, mnapita mbele ya misikiti ya watu. Na Ramadhani usikae njiani unakunywa maji hadharani, jifiche, au fanya kama mie, toka saa kumi jioni, nenda Kidichi urudi, futari ikukute Bububu. Pale jioni zile kuna mama anauza vitumbua na uji wa pilipili manga, na baskeli yako anaiegemeza mwenyewe kwenye ukuta.