Sukari ya mama iko sawa, mbona kliniki ya moyo imempa dawa ya sukari?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 62. Kliniki ya kisukari wanampa metformini na glibenklamidi. Ana kliniki nyingine ya moyo, maana moyo wake umetanuka, na huko mwezi uliopita wamemwongezea dapagliflozini miligramu 10. Duka la dawa wakatuambia hiyo ni ya sukari. Sukari yake ya asubuhi ni 6.5. Je, haitashuka akaanguka? Kwa sasa tumeiweka kabatini.

JIBU: Pole kwa kumuuguza mama. Duka la dawa hawakukosea, ila wamewapa nusu ya habari. Dapagliflozini ilianza kweli kama dawa ya kisukari: inazuia figo zisirudishe sukari kwenye damu, nayo hutoka na mkojo pamoja na chumvi na maji. Kisha utafiti wa DAPA-HF, uliochapishwa mwaka 2019, ukaonyesha kwamba kwa wagonjwa ambao moyo umepungua nguvu ya kusukuma damu, inapunguza kwa takriban robo hatari ya hali kuzidi au kufa kwa maradhi ya moyo, hata kwa wasio na kisukari kabisa. Kwa hiyo mama hakupewa kwa sababu ya ile 6.5. Kukaa kabatini kunaunyima moyo wake dawa.

Hofu yako ina msingi, lakini dawa ya kuiangalia ni glibenklamidi. Hiyo ndiyo hushusha sukari mpaka mtu akaanguka. Dapagliflozini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Zikitumika pamoja, huenda dozi ya glibenklamidi ikapunguzwa, na waipunguze kliniki ya kisukari, si ninyi nyumbani. Je, wanajua kuna kidonge kipya? Nayaona mambo haya kila wiki, na yananiuma: kadi mbili, madaktari wawili, kila mmoja anaandika bila kuona alichoandika mwenzake. Wapelekeeni vidonge vyote kwenye mfuko mmoja wiki hii, msingoje tarehe ya kadi. Kama anatumia pia karvediloli, dawa nyingine ya moyo, mjue inaficha kutetemeka na mapigo ya haraka ya moyo sukari ikishuka. Jasho la ghafla hubaki, basi mpimeni hapo hapo.

Akishaanza dapagliflozini, kipimo cha mkojo kitaonyesha sukari, msishtuke. Akiwashwa sehemu za siri, aseme mapema, ni fangasi na wanatibika. Siku akitapika au kushindwa kula, asiimeze, na mumpigie daktari: damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikisoma vizuri.