Martha Apike, Mariamu Akae Mkekani

"Bwana Yesu asifiwe. Jumuiya yetu imetoka kwenye msiba na sasa watu hawasalimiani vizuri. Kuna dada alishika jikoni siku zote tatu, akawa anamfokea kila mtu. Mwingine hakugusa hata mwiko, alikaa tu mkekani na mfiwa. Wa jikoni anamwita mwenzake mvivu, na wa mkekani anasema mwenzake anapenda ukubwa. Mimi ndiye katibu. Nakiri kwamba yule wa jikoni roho yangu haimkubali. Nimpendeje?"

Dada yangu katibu, umeuliza vizuri, kwa sababu umeuliza "nimpendeje" wala hukuuliza "nimbadilisheje". Wengi huanza na hilo la pili, na hapo ndipo jumuiya nyingi huvunjika.

Fungua Yohana 11. Lazaro amekufa Bethania, nyumba imejaa waombolezaji. Martha aliposikia Yesu anakuja, akatoka kwenda kumlaki njiani. Mariamu akabaki nyumbani amekaa. Dada wawili, tumbo moja, msiba mmoja, na kila mmoja anaomboleza kwa hulka yake. Sasa angalia maneno yao. Martha, katika mstari wa 21, anasema: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu naye, alipofika mbele ya Yesu katika mstari wa 32, anasema sentensi ileile. Lakini majibu ni mawili. Martha anapewa fundisho, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima," kisha anaulizwa swali, naye anajibu kwa kukiri imani yake waziwazi. Mariamu hapewi fundisho lolote. Yesu anaona machozi yake, anauliza walipomweka ndugu yake, na mstari wa 35 unasema: "Yesu akalia machozi."

Angembadilishia kila mmoja jibu la mwenzake, angewakosa wote wawili. Mwenye kutaka kueleweshwa angepewa machozi, na mwenye kutaka machozi angepewa somo.

Watu wengi wanamjua Martha kupitia Luka 10 pekee, na wanamhubiri kama mwanamke aliyekemewa kwa kupika. Soma tena mstari wa 41: "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Kinachotajwa ni kusumbuka na kufadhaika. Sufuria haikutajwa. Ushahidi uko Yohana 12, siku sita kabla ya Pasaka: karamu imeandaliwa Bethania, na Martha bado anatumikia. Mariamu bado yuko miguuni pa Yesu, safari hii na marhamu ya nardo. Hakuna aliyegeuzwa kuwa mwenzake. Hata kaburini, Martha ndiye aliyesema kwamba maiti ina siku nne na inanuka. Huyo ndiye Martha, hata mbele ya muujiza anafikiria mambo ya utaratibu, na Bwana hakumfukuza.

Sasa turudi msibani kwenu. Dada wa jikoni alifoka kwa nini? Kabla ya kusema ni kiburi, hesabu kazi aliyokuwa nayo. Msiba wa watu 100 unahitaji kilo 13 hadi 15 za mchele na kilo 8 hadi 10 za maharage kwa mlo mmoja. Maharage ambayo hayakulowekwa usiku huchemka saa mbili hadi tatu, kwa hiyo chakula cha saa 7 mchana kinataka moto uwashwe kabla ya saa 3 asubuhi, tena majiko matatu kwa pamoja: la maharage, la wali, na la maji ya chai, kwa maana waombolezaji hawaachi kufika. Ongeza wachota maji, waosha vyombo, na mtu wa kwenda kuongeza kuni. Kazi hiyo inataka watu wanane. Mara nyingi wanaofika ni watatu, na mmoja wao ana mtoto mgongoni. Mwenye hulka ya kusukuma mambo akiona jua limepanda na maharage ni magumu, sauti nayo inapanda. Anakosea kufoka, ndiyo, na lazima aambiwe. Ila kosa la kwanza ni la uongozi uliomwachia jiko bila kumpangia watu.

Na wa mkekani? Kukaa na mfiwa nayo ni kazi. Warumi 12:15 inaagiza: "Lieni pamoja nao waliao." Anayekaa naye ndiye anayejua kama mfiwa amekunywa maji tangu asubuhi, kama amelala, kama kuna mgeni aliyemwuliza maswali ya kumchoma. Huyo ukimtoa kwenda kukata vitunguu umeharibu pande mbili, maana jikoni hatafaa sana na mkekani pengo lake litaonekana.

Kwa hiyo, wewe kama katibu, upendo wako unaanzia kwenye karatasi, usiku wa kwanza wa msiba, kabla watu hawajatawanyika. Andika kazi, kisha tafuta mtu wa kila kazi kwa alivyoumbwa, usiwape kwa zamu tu. Mwenye kuamuru apewe jiko au usafiri, lakini aandikiwe na majina ya wasaidizi wake na saa ya kuwapokea. Mtu wa makini, yule anayekagua kila senti hadi watu wanamchoka, mpe daftari la rambirambi, akae na mwenzake mmoja, wahesabu pamoja na kutia saini kila jioni. Mcheshi anayejua kila mtu apokee wageni na kuwapangia viti. Usimwachie sanduku la fedha peke yake, si kwa sababu ni mwizi, ila akiitwa na rafiki ataliacha mezani. Mpole asiyejua kukataa ni wa kuhurumiwa kuliko wote, kwa kuwa atakubali kazi tano na kulala saa 9 usiku bila kusema neno, kisha mwezi unaofuata haonekani jumuiyani na hakuna anayejua kwa nini. Huyo usimwulize "utaweza?" Muulize "kesho una kazi gani nyingine?" Kisha wewe mwenyewe ndiye umpunguzie.

Nimetaja aina za watu, na najua semina nyingi za kanisa hufundisha zile nne: sangwini (mcheshi), koleriki (mwenye kuamuru), melankoli (mtu wa makini) na flegmatiki (mpole). Ni vizuri kujua zilikotoka. Ni mafundisho ya matabibu wa Kiyunani wa kale, yakaendelezwa na Galen wa Pergamo katika karne ya 2, waliodhani hulka ya mtu hutokana na damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Katika Biblia hayamo. Kama taa ya kumulikia yanasaidia kidogo, ila yamezaa tabia mbaya mno makanisani, ya mtu kumjeruhi mwenzake halafu akasema "mimi ni koleriki, ndivyo nilivyo". Yakobo na Yohana waliitwa wana wa ngurumo, Marko 3:17, na walipotaka moto ushuke uteketeze kijiji cha Wasamaria, Luka 9, Yesu aliwakanya. Jina la ngurumo hakuwanyang'anya. Moto aliwakatalia.

Hapo pana mpaka wa kushika kwa nguvu. Kusema kwa sauti kubwa, kuchelewa kuamua, kupenda mpangilio, kunyamaza, hizo ni hulka. Kupiga, kutukana, kuiba michango, kumdhalilisha mke mbele za watu, hizo ni dhambi, na nyingine ni makosa ya jinai. Usimwambie mtu anayepigwa nyumbani kwamba ajifunze kuthamini haiba ya mumewe. Mtafutie msaada na mahali salama.

Kwenye vikao, kosa kubwa ni kudhani kimya ni kukubali. Watu wakimya hufikiri kwanza ndipo waseme, na kikao cha jumuiya humalizika kabla hawajafika kwenye kusema. Wape ajenda siku mbili mbele. Kikaoni, usimgeukie mkimya ghafla na kumwambia "mama, na wewe sema kitu", maana ataona aibu na kusema "naungana na wenzangu". Muulize jambo dogo analolijua: "Mama, mwaka jana viti tulikodi wapi?" Akishajibu hilo, la pili litakuja lenyewe. Ukiuliza, nyamaza na uhesabu moyoni mpaka kumi. Ni muda mrefu, utaona wasemaji wa siku zote wanahangaika vitini. Wavumilie.

Kumkosoa mtu nako kunategemea hulka, lakini mahali pa kumkosolea ni palepale kwa wote, na Mathayo 18:15 imepataja: wewe na yeye peke yenu. Kundi la WhatsApp la jumuiya si mahali hapo. Ujumbe wa sauti wa dakika nne uliorekodiwa usiku ukiwa na hasira ni mbaya zaidi, kwa sababu unasikilizwa na mume, na shemeji, na kesho umeshafika jumuiya ya jirani. Mtu wa kusukuma mambo mwambie mapema, kwa maneno machache, bila mzunguko, kwa sababu ukizunguka sana anahisi unamficha jambo. Mtu wa makini mwonyeshe kwanza ulichokiona ni sahihi katika kazi yake, na useme kosa moja tu, maana nyumbani ataongeza mengine matano mwenyewe. Na kwa yeyote yule, sentensi hii usiitoe: "Ungekuwa kama fulani." Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo, na Mwanzo 27 inaeleza kilichofuata.

Kuhusu maombi, nakushauri siku saba. Kila jioni andika mstari mmoja wa shukrani kwa ajili ya dada wa jikoni, na mstari huo utaje kazi ya mikono yake, usitaje sifa ya jumla. "Alikumbuka chakula cha wachimba kaburi" ni shukrani. "Leo hakunikera" si shukrani, hiyo bado ni hesabu ya madeni. Siku ya tatu utakwama, karibu kila mtu hukwama hapo, kwa kuwa mambo rahisi yameisha na sasa inakubidi umtazame kweli. Ukikwama, kawaulize waliokuwa naye jikoni.

Na huenda msipatane haraka. Paulo na Barnaba walishindana vikali juu ya Marko, aliyewahi kuwaacha safarini, hata wakatengana, Matendo 15:39. Barnaba alikuwa mtu wa kuwapa watu nafasi tena, Paulo mtu wa kazi isiyongoja. Miaka baadaye Paulo huyohuyo anaagiza Marko aletwe kwake kwa kuwa anamfaa kwa utumishi, 2 Timotheo 4:11. Kati ya sura hizo mbili Barnaba alimchukua Marko wakavuka bahari kwenda Kipro, na Paulo akaendelea na kazi yake pamoja na Sila. Kazi ya Bwana haikusimama kungoja wapatane.

Baada ya kila msiba hubaki vyombo vya watu. Tafuta sufuria au beseni la dada huyo, lisugue vizuri, tia humo ndizi au unga kidogo, kwa maana chombo hakirudishwi kitupu. Mpelekee siku ya kazi, jioni, ukiwa peke yako. Akikukaribisha kukaa, kaa. Muulize siku ile alipungukiwa watu wangapi jikoni, na uwe na kalamu mkononi.