Sema kwa Sauti Unachokiona

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: mtu anayengoja mtihani wa udereva wa vitendo, tena katika barabara za mjini zenye foleni na pilikapilika, ajiandae vipi? Jibu langu ni kwamba wiki za mwisho kabla ya mtihani aendeshe huku akitaja kwa sauti kila anachokiona barabarani na kila anachokusudia kukifanya. Nimewasindikiza wanangu na wapwa zangu kwenye mazoezi, nikiwa nimekaa kiti cha pembeni, na sijaona zoezi linalomkomaza mwanafunzi upesi kuliko hili.

Zoezi lenyewe lina sharti. Mikono na miguu iwe imeshaiva. Mwanafunzi ambaye bado anainama kutafuta gia, au anawaza mguu wa kushoto uachie klachi kiasi gani, hana nafasi kichwani ya kumwona mwenye pikipiki anayechomoka katikati ya magari mawili. Basi kwanza aende mahali pasipo na magari, uwanja mtupu au njia ya mtaani iliyotulia, arudie kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, mpaka achoke. Kama gari ni la gia za mkono, ategee sikio injini. Klachi inapoanza kushika, mlio hushuka kidogo na gari hutetemeka kidogo tu. Mguu uishie hapohapo, gari lijiondokee lenyewe, ndipo klachi iachiwe yote. Akishaweza hivyo kwenye tambarare, ahamie mlimani. Siku atakayoondoka mlimani huku mnapiga soga, gari lisizime wala lisirudi nyuma, ujue miguu haihitaji tena kufikiriwa. Kumpeleka katikati ya mji kabla ya siku hiyo ni kumwonea yeye na kuwaonea wanaovuka barabara.

Sasa tuje kwenye kusema. Tuchukulie yuko kwenye barabara ya leni mbili, asubuhi, magari yamebanana. Mwanafunzi aliyezoea zoezi hili utamsikia akisema: "Mbele kuna basi limesimama kituoni, indiketa yake imeanza kuwaka, linataka kurudi barabarani. Nyuma yangu gari jeupe, liko karibu. Napunguza taratibu asije akanigonga. Pembeni kuna gari limeegeshwa, ndani kuna mtu kwenye usukani, mlango unaweza kufunguliwa, naliachia nafasi. Chini ya basi naona miguu ya watu, kuna anayetaka kuvuka. Taa za mbele ni kijani tangu niko mbali, zinaweza kubadilika kabla sijafika." Yote hayo yanasemwa ndani ya sekunde chache, na kila alichokitaja kimefuatiwa na uamuzi. Ile miguu inayoonekana chini ya basi ni jambo dogo mno, lakini dereva aliyeiona ana muda wa kutosha, na ambaye hakuiona atashtukia mtu mbele ya gari.

Mwanzoni mwanafunzi hutaja vitu tu: gari, taa, kibao, gari. Hiyo ni sawa, usimkatize. Baada ya muda anaanza kutaja yanayoweza kutokea. Mpira umevuka barabara, kuna mtoto anaufuata. Magurudumu ya mbele ya lile gari lililoegeshwa yamegeuka kuelekea barabarani, dereva wake anataka kutoka. Akifika hapo, ameshaanza kuendesha gari kwa maana yake kamili, na mtahini yeyote aliyezoea kazi yake atalitambua hilo mapema.

Faida ya pili ya zoezi hili iko katika kunyamaza kwa mwanafunzi. Pale anaponyamaza, ndipo macho yalipokwama. Binti yangu alikuwa akieleza vizuri kabisa, lakini kila tukikaribia makutano, kimya. Tukaegesha pembeni nikamuuliza alikuwa anaangalia nini. Akaniambia kwamba alikuwa anaangalia kioo cha ndani, aone kama gari la nyuma litampigia honi. Akili yake yote ilikuwa nyuma wakati hatari zote zilikuwa mbele na ubavuni. Bila kusema kwa sauti nisingelijua hilo, kwa sababu kwa nje alionekana mtulivu, mikono imeshika usukani vizuri, kasi ni ya kawaida. Tukakubaliana utaratibu wa kutamka akifika makutanoni: kioo mara moja, taa au kibao, upande wa kwanza, upande wa pili, upande wa kwanza tena, wanaovuka kwa miguu. Gari la nyuma lilipewa nafasi yake moja kwenye orodha, basi. Likipiga honi, lipige. Mwenye honi haoni anachokiona dereva wa mbele, na kama ajali ikitokea hatakuwa yeye aliyekuwa ameshika usukani.

Nasisitiza makutano kwa sababu ndiko watu wengi wanakoanguka. Uingereza, ambako mtihani wa udereva ulifanywa wa lazima mwaka 1935, mamlaka inayosimamia mitihani hiyo, DVSA, hutangaza makosa yanayowaangusha watahiniwa, na kwa miaka mingi linaloongoza limekuwa lilelile: kutotazama ipasavyo kwenye makutano. Kutotumia vioo vizuri wakati wa kubadili mwelekeo nako hakukosi kwenye nafasi za juu. Wanafunzi wengi huogopa kuegesha na kurudi rivasi, wanatumia saa nyingi huko, ilhali kinachowaponza zaidi ni shingo isiyogeuka.

Kwa hiyo kabla ya kubadili leni utaratibu ni kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, kisha kugeuza kichwa kutazama ile sehemu ya ubavuni ambayo vioo haviionyeshi, ndipo usukani. Pikipiki na baiskeli hukaa humohumo kwenye ile sehemu, hasa foleni inapotambaa, kwa sababu wao hupita katikati ya magari. Wapo wanaofundishwa kutikisa kichwa ili mtahini aone kwamba wametazama. Mimi siafiki. Mtu anayetikisa kichwa kwa ajili ya mtahini hajaona kitu. Mwambie ataje alichokiona kwenye kioo, rangi ya gari, umbali wake, kama linasogea au limetulia. Akishindwa kutaja, arudie kutazama.

Kuna zoezi jingine ambalo halihitaji gari hata kidogo, na nashangaa linavyosahaulika. Nendeni kwa miguu kwenye makutano yenye magari mengi, au kwenye mzunguko mkubwa, msimame mahali salama pembezoni, mtazame. Mwanafunzi ajifanye yuko kwenye usukani anangoja kuingia. Kila nafasi inapojitokeza kati ya gari na gari aseme "naingia" au "nangoja", kisha aone kama angewahi. Anayekaa ndani ya gari ana hofu, injini inanguruma, nyuma kuna watu. Anayesimama kando ametulia, na jicho lake linajifunza kupima kasi ya gari linalokuja. Robo saa ya namna hiyo, jioni kadhaa, humsaidia kuliko saa nzima ya kusukumwa ndani ya foleni. Atajifunza pia kwamba kusita kuna hatari yake: nafasi ya wazi ikipita, nyingine ikipita, na yeye yuko palepale, walio nyuma huanza kumzunguka na hapo fujo huanza. Mtahini naye huandika kosa, na ana haki.

Suala la kasi na umbali nalo lisichukuliwe kwa kukisia, maana hesabu zake ni rahisi. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Mtu aliye macho huhitaji takriban sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu ukanyage breki, kwa hiyo mita 14 zimeshakwisha gari likiwa bado kwenye kasi ileile. Kwenye lami kavu breki zitakula kama mita 14 nyingine kabla gari halijasimama. Akiwa kwenye kilomita 30, jumla ya yote hayo hukaribia nusu tu. Na kasi ikiwa mara mbili, umbali wa breki peke yake huwa mara nne. Ndiyo maana anayekodolea macho bampa ya gari la mbele huchelewa daima. Macho yaende mbali, magari matatu au manne mbele, taa zao za breki zikiwaka aanze kuachia mafuta mapema. Umbali wa kufuata upimwe kwa sekunde mbili: gari la mbele likipita nguzo fulani, ahesabu, asiifikie nguzo hiyo kabla sekunde mbili hazijatimia. Mvua ikinyesha aongeze maradufu. Foleni ikisimama kabisa, asimame mahali ambapo bado anaona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami, ili likiharibika apate pa kutokea.

Wengine watawashauri wanafunzi wakariri njia za mtihani. Kuzijua barabara za eneo hilo ni jambo zuri: wapi leni za kupinda zinaanza ghafla, wapi kuna kivuko cha shule, wapi kibao kimefichwa na mti. Ila anayekariri njia kona kwa kona huendesha kwa kumbukumbu, na siku ambayo barabara imefungwa kwa ukarabati huchanganyikiwa. Desemba 2017 mtihani wa Uingereza uliwekewa takriban dakika 20 ambapo mtahiniwa hujiongoza mwenyewe kwa kufuata vibao au kifaa cha kuonyesha njia. Akikosea njia si kosa, maadamu amekosea kwa usalama. Naona hiyo ni busara kubwa. Mwanafunzi wako popote alipo afanyiwe hivyohivyo kwenye mazoezi: mwambie "tufike hospitali" au "tufike stesheni", halafu unyamaze. Akijikuta kwenye leni ya kupinda wakati alitaka kunyoosha, apinde tu, atafute njia nyingine mbele. Kurukia leni ya pili dakika ya mwisho kunaangusha watu wengi waliokuwa wanaendesha vizuri.

Saa za mazoezi zibadilishwe: asubuhi watu wakienda kazini, mchana shule zikitoka, mara moja au mbili kwenye mvua. Siku ya mtihani asilete jipya lolote, si viatu vipya, si gari asilolizoea kama anaweza kuliepuka. Arekebishe kiti na vioo kabla ya kuwasha injini, ajue swichi ya taa na ya waipa ziko wapi bila kupapasa. Maelekezo yasiposikika vizuri, amwombe mtahini ayarudie. Na akifanya kosa dogo aliache palepale, kwa kuwa mitihani mingi hutenganisha kosa dogo na kosa la hatari, na anayeendelea kulilia la kwanza ndiye hulifanya la pili.

Siku mbili tatu kabla ya mtihani maneno yahamie moyoni. Aendeshe kimya, lakini ndani aendelee kutaja vilevile. Wapo watahini wasiojali mtahiniwa akinong'ona, wengine hukerwa, kwa hiyo ni vyema amuulize kabla hawajaondoka.

Neno kwa anayekaa kiti cha pembeni, awe mzazi, kaka au mwalimu. Msipaze sauti gari likiwa linatembea, isipokuwa kuna hatari ya kweli. Mkielekeza, elekezeni mapema na kwa maneno machache: "makutano yajayo, pinda kulia." Kosa likitokea, ngojeni mpaka mmeegesha, injini imezimwa, kisha mwulizeni swali moja: "Pale ulikuwa unaona nini?" Mwacheni amalize kujibu kabla hamjasema lolote.