Re: Waifai haionekani baada ya kuweka Linux

Mkuu, kama intaneti ya waya inashika fresh ila waifai ndo haionekani baada ya kuweka Linux, usikimbilie kufomati. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) andika ip link, ukiona jina linaloanza na wl basi kadi ya waifai imetambuliwa, cheki kwa amri ya rfkill list isije ikawa imezimwa tu, ikiwa hivyo piga rfkill unblock wifi. Jina la wl lisipoonekana andika lspci -nnk (inaorodhesha kadi zilizo ndani ya mashine), kama chini ya kadi hakuna mstari wa "Kernel driver in use" ujue draiva (programu inayoendesha kadi) haijapanda, na mara nyingi kinachokosekana ni fimwea (faili la programu ya ndani ya kadi), hapo sudo dmesg | grep firmware itakutajia jina la faili lenyewe. Shusha hiyo fimwea kwa huo huo waya, kwenye Debian (aina mojawapo ya Linux) kwa kadi ya Intel ni sudo apt install firmware-iwlwifi, halafu riboot. Ikiamka tumia nmtui (amri inayofungua menyu ya mtandao) kuunganisha waifai, rahisi sana.